Mwongozo kwa Mwanamuziki Anayejirekodia Nyumbani Katika Milima ya Lubero

Mtu akaaye Alimbongo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika mgongo wa milima ambapo barabara kuu itokayo Goma hupita ikielekea Lubero, Butembo na Beni, anajua kwamba ukungu ukishuka na baridi ikikaza watu hujifungia ndani mapema, barabara hunyamaza, na mtu aimbaye katika nyumba ya tatu husikika kana kwamba yuko mlangoni. Utulivu huo ni neema ambayo mwanamuziki wa Kinshasa au wa Nairobi huinunua kwa fedha nyingi, kwa kujenga kuta nene na milango mizito. Wewe umepewa bure, lakini umepewa kwa saa, wala hukupewa kutwa nzima. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu kazi ya kurekodi nyumbani huanza na kujua saa, na mashine hufuata baadaye.

Kabla hujanunua kitu chochote, basi, chukua daftari, na kwa muda wa juma moja andika kelele za mtaa wako pamoja na saa zake: malori yapandayo mlima kwa gia ndogo, kinu cha kusagia mahindi na mihogo, watoto watokao shuleni, mazoezi ya kwaya ya kanisani, jenereta la jirani. Ukiwa Butembo, mji wa biashara ambao majenereta na pikipiki zake hazina likizo, daftari hilo litakuwa na mistari mingi kuliko la mtu wa Alimbongo, lakini hata huko utaona kwamba kuna pengo kabla ya mapambazuko na pengo jingine baada ya watu kulala. Mvua nayo ipewe ukurasa wake mwenyewe, maana paa la mabati likishapigwa na mvua hakuna programu iwezayo kuiondoa sauti ile bila kuondoka na sehemu ya sauti ya mwimbaji. Mvua ikianza, nyamaza, ushike kazi nyingine ya kusikiliza, kupanga au kuandika mashairi. Mimi naona ni vema ala zirekodiwe kabla ya mapambazuko na sauti ya mtu irekodiwe usiku, kwa kuwa koo lililolala katika baridi ya mlima huamka likiwa zito, ilhali koo lililozungumza mchana kutwa limekwisha kulainika. Gitaa nalo liingize katika chumba cha kazi nusu saa kabla ya kulipiga, kwa sababu nyuzi zitokazo penye baridi na kuingia penye joto la pumzi za watu hubadilika, na wimbo ulioanza sawasawa utamalizika umepotoka.

Chumba chenyewe kisiwe kikubwa wala kitupu. Simama katikati, piga kofi moja kali, usikilize: ukisikia kofi likirudi kwa mlio kama wa chuma, kuta zako zinairudisha sauti kwa haraka na maikrofoni itaisikia aibu hiyo kabla yako, ukisikia kofi likifa papo hapo, hapo ni mahali pa kazi. Katika nyumba za huku, chumba kinachojibu vizuri mara nyingi ni ghala. Magunia ya viazi yaliyopangwa hadi kifuani yana mashimo na mabonde yanayoivunja sauti na kuitawanya, na juu yake ukiweka mablanketi mazito ambayo kwa ajili ya baridi hayakosekani katika nyumba yoyote ya Alimbongo, umepata chumba ambacho mwenye studio ya mjini hukijenga kwa sponji za bei ghali. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hutundika blanketi nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa ndiko anakotazama mwimbaji, ilhali maikrofoni nyingi za kuimbia husikia mbele yao na huwa na masikio mazito upande wa nyuma. Kinachosikiwa na maikrofoni, pamoja na sauti yako, ni ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo, ukiwa na blanketi moja tu, lining'inize nyuma yako wewe uimbaye, lisigusane na ukuta, liachane nao kwa kiasi cha shibiri. Ukiwa na la pili, litandaze juu ya kichwa chako chini ya mabati. Mdomo uwe shibiri moja kutoka maikrofoni, nayo maikrofoni igeuzwe kidogo pembeni ili pumzi ya herufi ya p na ya b ipite bila kuipiga usoni.

Katika habari ya vyombo, nitasema kwa ufupi, kwa sababu vijana wengi wameisoma habari hiyo kupita kiasi, wakakaa miaka wakingoja vyombo badala ya kuimba. Maikrofoni ya aina inayotumiwa jukwaani, mathalani Shure SM58 ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1966, husamehe chumba kibaya, haihitaji umeme wake yenyewe, na hustahimili safari ya pikipiki. Lakini bandia zake ni nyingi sokoni, basi usinunue kabla hujaisikia. Maikrofoni ya aina nyingine, ile ya kondensa yenye wepesi wa kusikia kila kitu, huhitaji volti 48 kutoka katika kadi ya sauti, nayo itakuletea na kuku wa jirani. Asiye na maikrofoni wala kompyuta asijione hana njia: simu iliyowekwa katika hali ya ndegeni, ikaegemezwa juu ya nguo iliyokunjwa, ikarekodi faili la WAV katika chumba kilichokwisha kutulizwa, hutoa sauti safi kuliko maikrofoni ya dola mia mbili iliyowekwa sebuleni. Programu nazo zipo za bure, kama Audacity kwa kompyuta na BandLab kwa simu, na zinatosha kwa mtu ajuaye anachotaka.

Umeme ni somo jingine. Hata mahali penye umeme wa mitambo ya maji, au jenereta, au paneli za jua, desturi njema ni hii: chaji kompyuta yako ijae, kisha chomoa waya, urekodi kwa betri yake. Utapata faida mbili kwa tendo moja, kwa maana mvumo mzito unaoingia katika rekodi kwa njia ya waya wa chaji hutoweka, na umeme ukikatika katikati ya ubeti hupotezi kitu. Anayetegemea jua apige hesabu kabla ya kununua: kompyuta ya mkononi ya wati 60 ikifanya kazi saa 4 hula wati-saa 240, betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini mwenye kutaka betri yake idumu hatumii zaidi ya nusu, yaani 600, hivyo una siku mbili za kazi, hata jua lisipotoka, na katika milima yenye ukungu siku ya pili hiyo utaihitaji.

Wakati wa kurekodi, acha nafasi juu. Kilele cha sauti kikicheza kati ya -12 na -6 katika kipimo cha desibeli kinatosha, kwa sababu sauti iliyo ndogo huweza kukuzwa, na iliyopasuka haishonwi. Ukisikia sauti yako katika hedifoni ikichelewa nyuma ya mdomo wako, punguza bafa ya programu, yaani akiba ya sauti inayongoja kuchakatwa, hadi sampuli 128, ambazo kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3 tu; utakapofika wakati wa kuchanganya, iongeze tena ili kompyuta ipumue.

Na kuchanganya kwenyewe kufanywe kwa kukumbuka masikio ya msikilizaji wako. Mtu wa Butembo na Beni atausikia wimbo wako katika simu, katika spika ndogo ya dukani, katika basi, au katika redio ya mkulima iliyoning'inizwa kwenye jembe. Besi uliyoipenda katika hedifoni haitakuwamo hata kidogo katika spika ya upana wa sarafu. Basi, kila unapodhani umemaliza, usikilize wimbo kwa spika ya simu iliyolazwa mezani, na ukiona besi imetoweka, usiikuze, maana utaipasua spika; ipe ukali kidogo wa juu, ili sikio lisilosikia mzizi wake lisikie shina. Kiwango cha sauti kwa jumla, mitandao mingi mikubwa ya muziki hukisawazisha karibu na -14 katika kipimo cha LUFS, na kwa hiyo mwenye kuukandamiza wimbo wake ili ulie kuliko wa wenzake hupunguziwa tu, akabaki na wimbo uliochoka.

Sasa nifikie jambo ninaloliona zito kuliko yote. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alipanda meli na wenzake, wakavuka bahari hadi Bombay ili kurekodi santuri, kwa kuwa mashine ilikuwa huko na wenye mashine walikuwa huko. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Jadotville, mji uitwao Likasi leo, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, na wimbo wa Masanga ukaenea ulimwenguni. Mwaka huo huo alizunguka pia kandokando ya msitu wa Ituri, akarekodi nyimbo za Wanande, watu wa milima hii hii, pamoja na za Wabira, Wabudu na Wambuti. Rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi mwaka 1954, nasi tuna sababu ya kushukuru kwamba zimehifadhiwa. Lakini ngoma ya babu wa kijana wa Beni hutunzwa katika nchi ya mbali. Katika zama zile mwenye mashine ndiye aliyeshika rekodi, akaandika majina, akapanga bei, akatunza. Leo mashine iko kitandani pako. Maadamu umeichukua nafasi ya mwenye mashine, umeichukua na kazi yake: kuandika majina, kupanga mafungu, kutunza nakala. Nimewaona waimbaji wenye vipaji vikubwa wakiifurahia nafasi hiyo na kuisahau kazi yake, na kwa hao mali yao imepotea kwa njia tatu, nazo nitazieleza moja baada ya moja bila haraka.

Njia ya kwanza ni biti ya mtu mwingine. Kijana hupakua kutoka YouTube ala zilizokwisha tengenezwa, zilizoandikwa kwamba ni za bure, akaimba juu yake kwa machozi ya kweli, akatoa wimbo, na baada ya miezi akapata taarifa kwamba mapato yote yanakwenda kwa mtu asiyemjua, au wimbo umeondolewa kabisa. Sababu ni kwamba neno bure katika soko hilo aghalabu maana yake ni bure kwa kujaribia. Mtengenezaji wa biti huwakodisha wengi ala moja, kisha mmoja huinunua peke yake, na mitandao ina mitambo inayotambua sauti yenyewe bila kuuliza nani aliimba kwa uchungu zaidi. Kwa hiyo soma hati ya biti kabla ya kuandika ubeti wa kwanza: ni ya kukodi au ya kununua, inaruhusu wimbo usikilizwe mara ngapi, inaruhusu usajili wa utambuzi wa sauti au hairuhusu, uhifadhi risiti. Lakini shauri langu la moyoni ni jingine. Mtu akaaye katika nchi yenye ngoma, likembe, filimbi, gitaa na kwaya zinazogawa sauti nne tangu utotoni ana utajiri wa ala ambao hauna mwenye kuudai. Rekodi vigelegele vya arusini, rekodi mchi ukitwanga sombe, rekodi makofi ya kwaya katika ukumbi wa kanisa, uzifanye mdundo wako. Masanga ulishinda masikio ya dunia kwa gitaa la mtu mmoja.

Hata hivyo, ukichukua wimbo wa asili kutoka kwa mzee, mwombe ruhusa, umwandike jina, mpatane fungu lake mbele ya shahidi. Wimbo wa kimila hauna mtungaji mmoja, ni kweli, ila namna aliyoimba yeye ni kazi yake, na sheria za haki jirani zinamtambua mwimbaji.

Njia ya pili ni mapatano ya mdomo. Nyimbo za nyumbani hutungwa na marafiki, na marafiki huona haya kuandikiana. Ndipo wimbo ukipata fedha urafiki hupata kidonda. Siku ile ile mliyorekodi, kabla ya kula, andikeni karatasi moja yenye jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya waliotunga maneno, waliotunga sauti, waliopiga na waliorekodi, na fungu la kila mmoja kwa asilimia hadi jumla itimie 100, mtie sahihi wote, na kila mmoja aipige picha. Jueni kwamba haki ni mbili: iko ya utungo, na iko ya rekodi yenyewe, na mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Sheria ya Kongo namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inazilinda zote, na nchi ni mwanachama wa Mapatano ya Berne, ambayo kwayo haki ya mtungaji huzaliwa pamoja na kazi yake bila kungoja muhuri; hata hivyo, anayetaka kukusanyiwa malipo ya redio na kumbi ajiandikishe SOCODA, shirika lililoanzishwa mwaka 2011 kushika mahali pa SONECA ya zamani. Na jina lako la usanii liandike kwa herufi zile zile kila mahali, hasa likiwa la Kinande, maana ukiliandika hivi leo na vile kesho mitandao itadhani ninyi ni watu wawili, na mapato yatagawanyika.

Njia ya tatu ni kupotea kwa faili, na hapa siwezi kuandika kama aandikavyo mtu wa nchi yenye amani. Mnamo Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo, na watu wakashika njia ya Lubero na Butembo na kile tu walichoweza kubeba. Kompyuta huporwa, nyumba huachwa, na mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hafikirii diski. Kwa hiyo kazi ya kutunza ifanywe wakati wa utulivu. Kila wimbo uwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi ndogo unayotembea nayo pamoja na kitambulisho chako, na moja kwa ndugu akaaye mji mwingine, awe Butembo, Kampala au Nairobi. Nakala hizo ziwe za vipande vyote vya wimbo, sauti peke yake, gitaa peke yake, ngoma peke yake, maana wimbo uliokwisha changanywa hauwezi kufunguliwa tena. Dakika moja ya kipande kimoja katika ubora wa biti 24 ni kama megabaiti 8, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye vipande 12 hauzidi megabaiti 400, na flashi ya bei ndogo huchukua albamu nzima. Pamoja na sauti, weka picha za zile karatasi za mafungu.

Kutoa wimbo ni jambo jepesi ukishafika hapa. Wimbo hupelekwa Spotify, Boomplay, Audiomack na kwingineko kwa mkono wa msambazaji wa mtandaoni, na wasambazaji wako wa namna mbili: wanaotoza ada ya mwaka, na wanaochukua fungu katika mapato. Kwa mtu anayeanza, namna ya pili ni salama zaidi, kwa sababu baadhi ya wanaotoza ada huondoa nyimbo ada isipolipwa, na katika nchi ambayo mwaka mmoja huweza kukukuta uhamishoni, hilo ni hatari. Kabla ya kukubali, uliza swali moja kwa maandishi: fedha zitanifikiaje Butembo? Kama jibu linahitaji akaunti ya benki usiyoweza kuifungua, endelea kutafuta. Peleka faili wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoa, pamoja na picha ya mraba ya pikseli 3,000 kwa 3,000, nawe uuandike katika daftari msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12 utakaopewa, maana ukihamia kwa msambazaji mwingine msimbo ule ule ndio utakaohama na hesabu ya wasikilizaji wako. Faili la kupeleka ni kama megabaiti 60 kwa wimbo wa dakika 4, nalo likipandishwa saa za usiku, wakati mtandao hauna watu wengi, litakuokoa na kukatika.

Lakini wasikilizaji wako wa kwanza wengi hawako huko. Wako katika vibanda ambako vijana hujaziwa nyimbo katika kadi za kumbukumbu za simu, wako nyuma ya madereva wa pikipiki, na wako mbele ya redio. Basi tengeneza faili la MP3 la megabaiti kama 10, ndani yake uandike jina lako, jina la wimbo na namba ya simu ya kazi, upeleke kwa mkono katika vibanda na katika vituo kama Radio Moto ya Butembo-Beni, ukiambatanisha karatasi moja inayoeleza wimbo unahusu nini na umeimbwa kwa lugha gani. Mtangazaji hupokea faili nyingi zisizo na jina, na faili lisilo na jina hupigwa bila kutajwa. Wapo watakaokushauri uufiche wimbo ili watu walazimike kuununua mtandaoni. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa harusi, sherehe za parokia, matangazo ya maduka na nyimbo za kuagizwa ndizo zitakazokulisha kwa miaka ya mwanzo, na hizo huja kwa yule ambaye wimbo wake umekwisha sikika sokoni.

Fedha zikiingia, ziwe dola chache za mtandao au franka za harusi zilizotumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ziandike katika daftari zilipotoka na kwa wimbo gani, toa kwanza gharama mlizokubaliana, na uyagawe mafungu siku ile ile kwa kufuata karatasi mliyotia sahihi. Fungu likiwa dogo mno kutumwa kwa simu, liandike kama deni hadi litimie, na taarifa ya msambazaji mpelekee kila mmoja wa wenzako hata mwezi ambao haina kitu, wapate kuona kwa macho yao kwamba haina kitu. Na kama mzee aliyekupa wimbo amekwisha fariki, waulize watoto wake ni nani atakayelipokea fungu lake, liandikwe jina hilo katika karatasi ya zamani, na mashahidi watie sahihi upya.